Shangazi, nipeleke wazo langu au nichukue la kwenye orodha yao?

BARUA

Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa mwaka wa tatu, nasoma sayansi ya kompyuta chuo kimoja hapa Dodoma, jina naomba usilitoe maana nusu ya darasa letu wanasoma safu yako na nitajulikana tu.

Nadhani unaujua ule mpango wa Google unaoitwa Google Summer of Code, unaandika andiko la mradi kwa shirika la programu huria, wakikukubali unafanya kazi miezi kama mitatu ukiwa na menta, yaani mlezi wa mradi kutoka shirika hilo, na mwisho unalipwa. Mi shirika ninalolitaka ni LibreOffice, wale wa programu ya bure ya kuchapia nyaraka. Sababu yake ni mama. Mama ana kastesheneri karibu na mahakama ya mwanzo, anachapa barua za watu, mikataba ya kuuziana viwanja, risala za harusi, kila kitu, na kompyuta yake tangu niko sekondari ni LibreOffice Writer tu, hajawahi kutumia nyingine. Sasa ukiandika Kiswahili pale ukurasa unajaa mistari myekundu. Maneno sahihi kabisa kama "waliompelekea", "hatukuwalipa", yote yanapigwa mstari, mpaka mama ameamua kuuzima ukaguzi wote, na ukishauzima hata makosa ya kweli hayaonekani, kuna mteja alirudisha mkataba wa kiwanja sababu jina la mtaa lilikosewa mara mbili na aya nzima ilikuwa na herufi zimerukwa. Mama alirudia kuchapa bure, karatasi zake, wino wake.

Kwa hiyo wazo langu ni kikagua tahajia cha Kiswahili cha maana ndani ya LibreOffice. Nimeliwaza muda mrefu na nalipenda sana, nikilala naliota.

Tatizo linaanzia hapa. Binamu yangu wa Nairobi aliwahi kukubaliwa kwenye mpango huu na shirika jingine, ananiambia achana na Kiswahili, hakuna menta atakayekielewa, chukua wazo lililo kwenye orodha ya miradi wanayopendekeza wenyewe, fanya C++ yao (lugha ya programu waliyoandikia), ingia, pesa ikishaingia utafanya Kiswahili chako kwa wakati wako. Na anasema andiko nimwachie akili bandia aliandike maana Kiingereza changu si kizuri. Sijui kama ni sahihi lakini yeye alipita na mimi sijapita.

La pili ni rafiki yangu wa darasani. Wazo hili tulilianza naye kama mradi wa mwisho wa chuo, na kile kipande cha kuchambua viambishi vya kitenzi kaandika yeye, mimi nimekusanya maneno na kufanya majaribio. Tulipanga kuomba pamoja halafu tukasoma masharti tukakuta mtu mmoja mradi mmoja. Sasa anasema basi kila mtu apeleke andiko lake la wazo hilo hilo, atakayepata apate. Mi roho inaniuma, naona kama urafiki utaishia hapo, lakini pia naona wazo ni langu maana limetoka kwa mama yangu.

Halafu baba. Baba kanitafutia nafasi ya fildi kwenye ofisi ya mtu anayemfahamu na anasema hataki kusikia habari za kukaa nyumbani na laptopu miezi mitatu. UE zetu ni Julai, katikati kabisa ya mradi. Nikipata sapu nitamwambia nini? Na bumu langu haliwezi kununua laptopu nyingine, hii niliyo nayo ni ya ramu ya jibi 4, nilijaribu kuijenga LibreOffice kutoka kwenye msimbo wake ikaganda usiku kucha na bando likaisha.

Mashirika yatatangazwa mwisho wa mwezi huu wa pili. Nichukue wazo lao au nipeleke langu? Na huyu rafiki nimfanyeje?

Binti wa Stesheneri, Dodoma

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, hujambo. Barua yako nimeisoma mara kadhaa na kilichonifurahisha ni kwamba unamjua mtu mmoja mwenye tatizo, unajua anachapa nini, unajua karatasi za nani zilipotea. Waombaji wengi wanaanza na pesa au na jina la shirika halafu ndiyo wanatafuta tatizo la kulibandika, wewe umeanza upande wa pili na hilo usiliache lipotee hata ukiamua kwenda na wazo la orodha yao.

Kama nimekuelewa vizuri, umegawanyika kati ya kazi unayoipenda ambayo unahofia haina mlezi, na kazi usiyoifahamu ambayo ina mlezi, na katikati kuna rafiki, mtihani, baba na laptopu. Haya mambo umeyaandika kama kitu kimoja kikubwa kinachokukaba ila mi naona kila moja lina mlango wake, tuyaguse moja moja.

Kabla ya yote nina swali ambalo usilichukie. Mistari myekundu ya mama, umehakikisha inatoka wapi? Maana LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili siku nyingi tu, imeandikwa kama Kiswahili cha Tanzania, lakini kama waraka wenyewe umewekwa lugha ya Kiingereza basi kila neno la Kiswahili litapigwa mstari, hata "mama" na "nyumba", na hapo tatizo ni mpangilio tu. Nenda stesheneri, chukua barua za kweli za wateja (toa majina yao), weka lugha Kiswahili, hakikisha kamusi imewashwa, halafu pitia uone ni maneno gani sahihi bado yanapigwa na ni makosa gani yanapita bila kuonekana. Inawezekana ukakuta nusu ya mateso ya mama yanaisha siku hiyo hiyo, na hiyo peke yake ni heri. Na yatakayobaki ndiyo andiko lako. Menta akikuta jedwali la maneno halisi kutoka kwenye mikataba ya viwanja, haya yanapigwa wakati ni sahihi, haya yanapita wakati ni makosa, hahitaji kujua Kiswahili ili aelewe kwamba mwombaji huyu anajua anachokifanya.

Hapo ndipo na ile hofu ya "hakuna menta atakayekielewa" inaponitia wasiwasi kidogo. Menta wa LibreOffice kazi yake kubwa ni kukuongoza kwenye msimbo wao, wapi kikagua tahajia kinachomekwa, majaribio yanaandikwaje, kipande chako kikikataliwa ufanye nini. Kiswahili utakileta wewe. Ila binamu yako hajakosea kila kitu, kuna hatari ya kweli ambayo hakuitaja vizuri: mpango huu unataka mradi wa kuandika programu. Ukipeleka andiko linalosema nitaongeza maneno 20,000 kwenye kamusi wanaweza kukuambia hiyo kazi ni nzuri lakini haifai hapa. Kwa hiyo lazima ujue sehemu ya programu kwenye wazo lako ni ipi.

Na mi naona ipo, tena ngumu. LibreOffice inakagua tahajia kwa Hunspell, ambayo Mhungaria László Németh aliitengeneza akiwaza Kihungari, lugha inayopanga viambishi nyuma ya neno. Ina faili mbili, moja ya maneno na moja ya kanuni za viambishi. Kwa kawaida inaweza kuvua viambishi viwili vya nyuma na kimoja cha mbele, kuna mpangilio wa kugeuza ikavua viwili vya mbele lakini basi nyuma inabaki kimoja. Sasa chukua hilo hilo neno lako, "waliompelekea". Mbele ya mzizi kuna wa, li, o, m. Vinne! Na nyuma kuna kauli ya kutendea. Hunspell haifiki huko, labda uunganishe "waliom" nzima ihesabike kama kiambishi kimoja, na ukianza kuunganisha nafsi zote, ngeli zote, nyakati zote, virejeshi na yambwa, unapata maelfu ya michanganyiko, kanuni zinavimba, na mingine inazaa maneno ambayo hakuna Mswahili anayeyasema.

Kwa hiyo andiko lako linaweza kwenda njia zaidi ya moja na kila moja ina hatari yake. Unaweza kubaki ndani ya Hunspell na kuandika programu inayozalisha faili ya kanuni kutoka kwenye sarufi, hiyo ni ndogo, inamalizika, mama ataipata mapema, na kamusi ile ile wanaweza kuitumia Firefox maana nayo inatumia Hunspell, ila itakuwa na mipaka na lazima uiseme. Au unaweza kufanya kama Wafini, lugha yao iliishinda njia hii ya kawaida wakatengeneza Voikko, kichambuzi chao wenyewe, kikaunganishwa na LibreOffice kama kiongezi. Hiyo ni njia nzuri sana lakini ni kazi ya miaka ya watu wengi, miezi mitatu itakupa msingi tu, na andiko linaloahidi nyumba nzima wakati muda ni wa msingi wasomaji wanalitilia shaka haraka. Na kuna mlango wa pembeni hukuutaja kabisa, Apertium, wale wanashughulika hasa na uchambuzi wa maneno ya lugha zisizo na rasilimali nyingi na wamewahi kushiriki mpango huu miaka mingi. Kule hutalazimika kumweleza mtu kwa nini kitenzi cha Kiswahili ni kirefu. Lakini kule kazi haitaanzia kwenye LibreOffice ya mama, itafika baadaye, au isifike. Orodha ya mashirika ikitoka angalia kwanza kama hayo mawili yapo, maana hakuna shirika lenye uhakika wa kuwemo kila mwaka.

Sasa wazo la orodha yao. Usilione kama usaliti wa Kiswahili. Wazo likiwa kwenye orodha maana yake kuna mtu tayari amejitolea kulisimamia, na hilo ni kubwa kwa sababu shirika linapewa nafasi chache na andiko zuri lisilo na msimamizi linaachwa, si kwa ubaya. Utajifunza C++ ya mradi wenye historia ndefu, jina lako litakaa kwenye programu inayotumiwa na watu wengi mno. Hatari yake ni kwamba wazo hilo hilo watu wengi wanalikimbilia, na nyingine ipo kwako wewe mwenyewe, jiulize kama utaamka saa kumi alfajiri kabla ya mtihani kurekebisha kitu ambacho hujui nani anakihitaji. Wengine wanaweza, ni sahihi kabisa. Na lile la "Kiswahili utafanya kwa wakati wako", mwanangu huo wakati wako unauona wapi, ukimaliza chuo? Sisemi hautakuwepo, nauliza tu.

Halafu umeandika kama vile ni lazima uchague moja. Masharti yanaruhusu mtu apeleke maandiko mpaka matatu, anakubaliwa kwa moja tu. Kwa hiyo la kwako na la orodha yanaweza kwenda yote, kitu kinachokuzuia ni muda wa kuyaandika vizuri, na maandiko mawili ya haraka haraka mara nyingi yanashindwa na moja lililopikwa.

Lakini usisubiri dirisha lifunguliwe mwezi wa tatu ndiyo uanze kuongea nao. LibreOffice huwa wanataka kuona mwombaji ameshatuma marekebisho hata madogo kabla, wana vibarua vyepesi wanaviita Easy Hacks kwa ajili ya wageni, unachukua kimoja, unatuma kwenye Gerrit, mtandao wao wa kukagua msimbo, mtu anakikosoa, unarekebisha. Hapo ndipo watakapokufahamu. Na waandikie sasa, ujumbe mfupi, una tatizo gani, umelipima vipi, unafikiria kulitatua vipi, je kuna mtu yuko tayari kulisimamia. Wakisema hapana umejua Februari badala ya Mei.

Kuhusu kumwachia akili bandia andiko zima, hapa nitaongea kama mama yako. Kiingereza cha kuungaunga kinachosema jambo la kweli kinasomeka, mamenta wengi wenyewe Kiingereza si lugha yao, LibreOffice makao yake ni Berlin na watu wake wametapakaa. Kinachochosha ni kurasa laini zisizo na kitu ambazo wanapokea nyingi sana sasa hivi. Kukusaidia kusahihisha sentensi ni jambo jingine, ila soma sheria za shirika husika kuhusu hilo maana wanatofautiana. Na ujue watakuuliza maswali juu ya andiko lako, ana kwa ana kwenye gumzo, hapo binamu hatakuwepo.

Rafiki yako. Hapa nimekaa muda mrefu kidogo. Unasema wazo ni lako kwa sababu limetoka kwa mama, na nakuelewa, lakini msimbo wa viambishi kaandika yeye, na ukiliandika andiko lako ukakiweka hicho kipande kama kianzio bila jina lake utakuwa umechukua jasho la mtu. Naye akipeleka la kwake bila majaribio yako na maneno yako amefanya vile vile. Mkipeleka mawili yanayofanana, msomaji atashangaa nani kaiga kwa nani, mnaweza kujiharibia wote. Hivi mmewahi kukaa mkagawa kazi yenyewe badala ya kugombea wazo? Kuna kichambuzi cha vitenzi na kuna kukichomeka ndani ya LibreOffice pamoja na majaribio ya maandishi halisi, hizo ni kazi mbili tofauti ingawa zinaegemeana, mmoja anaweza kuiomba Apertium na mwingine LibreOffice, kila andiko likimtaja mwenzake. Hatari ni kwamba mmoja akikosa mwingine atakuwa anategemea kipande ambacho hakipo, hilo inabidi kila mmoja aandike atafanyaje mwenzake asipopata. Au mmoja anaweza kusubiri mwakani, maana tangu 2022 mpango huu haudai tena uwe mwanafunzi, ukiwa na miaka 18 na bado ni mgeni kwenye programu huria unaomba. Nani asubiri siwezi kuwaamulia, ila muongee kabla mmoja hajabonyeza kutuma, tena muongee mkiwa mmekaa, mambo haya kwenye WhatsApp yanageuka ugomvi.

Baba sasa. Google wenyewe wanasema ushiriki huu si ajira wala si mafunzo kazini, kwa hiyo usimwahidi baba kwamba chuo kitauhesabu kama fildi kabla hujamuuliza mratibu wa fildi wa idara yenu, vyuo vinatofautiana, na jibu lolote liombe kwa maandishi. Halafu kaa na kalenda. Mradi wa kati ni kama saa 175, mkubwa 350, na siku hizi kuna mdogo wa 90. Kwa wiki 12 za kawaida ule wa kati ni saa kama 15 kwa wiki, mkubwa ni karibu 30, na 30 pamoja na UE mi naiogopa kwa niaba yako. Ila mkikubaliana na menta mradi unaweza kurefushwa mpaka wiki 22. Kwa hiyo kwenye ratiba ya andiko zile wiki za UE ziandike wazi, hapa nina mtihani, sitafanya kazi, nitafidia hapa. Usizifiche. Watu wanaona kuficha ndiyo kujiokoa kumbe menta anayekuta umepotea Julai bila taarifa ndiye anayekufelisha, na malipo yanakuja kwa vipande viwili, asilimia 45 baada ya tathmini ya katikati na 55 baada ya ile ya mwisho, ukifeli ya mwisho hiyo 55 huioni.

Baba ukimwonyesha kalenda hiyo, na mama akiwa amekaa hapo hapo maana kazi ni ya stesheneri yake, mazungumzo yatakuwa tofauti na "nataka kukaa nyumbani na laptopu". Pesa nayo mweleze kama ilivyo, kiwango kinategemea nchi, miaka ya karibuni mradi wa kati unaanzia dola 1500, usimtajie hela ya binamu yako kama vile ndiyo yako. Anaweza bado kukataa. Kumbuka yeye anachokiona ni mtu aliyemwomba nafasi na heshima aliyoiweka rehani pale, nalo si dogo.

Kuna jambo moja nakuomba ulijue kabla hujafikiri hili wazo ni la kigeni kwa hao watu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima za kazi za ofisi kwa Kiswahili, na OpenOffice ndiyo ile ambayo LibreOffice ilizaliwa kutoka kwake mwaka 2010. Kwa hiyo unaendeleza kazi iliyoanzishwa hapa hapa, na kwenye andiko aya moja ya historia hiyo ina uzito, isizidi aya moja lakini.

Laptopu nimeiacha mwisho kwa sababu inaweza kukuamulia mambo kimya kimya. Kujenga LibreOffice yote kwa ramu ya jibi 4 ni adhabu, inakula makumi ya jibi za diski na masaa mengi, kwa hiyo wazo la orodha yao linalogusa C++ ya ndani litakudai mashine bora kila siku. Kamusi na kanuni za Hunspell ni faili za maandishi, unazijaribu kwenye LibreOffice ya kawaida iliyoshasakinishwa, kwa bando dogo. Hata hivyo kile kibarua cha kwanza cha Gerrit huenda kitakudai ujenge, kwa hiyo ulizia maabara ya chuo kama wanaruhusu kuacha mashine ikifanya kazi usiku, na ukijenga tumia ccache (programu inayotunza kilichokwisha kujengwa kisirudiwe) na usiwashe alama za utatuzi wa hitilafu, ndizo zinazoibana ramu wakati wa kuunganisha. Na hali ya mashine yako waambie mapema unapowaandikia, uwaulize kibarua gani kinafaa kwa mtu mwenye mashine kama hiyo. Msalimie mama, mwambie hizo barua akuazime akishafuta majina.

Shangazi